Mchango wa Yule Asiyeandika

Ndugu Mhariri,

Swali mlilotuuliza wiki hii lilikuwa fupi: je, msomaji asiyejihesabu kuwa mwandishi anaweza kulichangia nini jarida la mtandaoni linaloendeshwa na watu wa kujitolea? Mimi ni karani mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Kaptembwo hapa Nakuru, na tangu jarida hili lianze nimewaletea makala nne tu. Ninajibu kama mtu ambaye makala yake iliokolewa na msomaji asiyewahi kuandika. Kinachoadimika katika jarida kama hili ni watu wa kuhakiki yaliyoandikwa kabla hayajatoka na hata baada ya kutoka, na kazi hiyo anaweza kuifanya vizuri mtu ambaye hajawahi kuchapisha aya moja.

Makala yangu ya kwanza ilihusu maji ya visima. Wakazi wa Nakuru wanalifahamu tatizo hili tangu utotoni: maji yanayotoka chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini ya floraidi, na mtoto anayeyanywa kwa miaka mingi huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Mimi mwenyewe ninayo meno hayo, na kwa hiyo niliandika kwa uchungu. Nilieleza jinsi msichana wa darasa la saba anavyocheka akiwa ameufunika mdomo kwa kiganja, nikaeleza jinsi watu wa mbali wanavyotudhania kuwa wavutaji wa sigara, kisha nikamalizia kwa kuwashauri wazazi wayachemshe maji ya kisima barabara kabla ya kuwapa watoto. Sikuwa na shaka hata kidogo. Katika nyumba niliyolelewa, maji yaliyochemshwa ndiyo yalikuwa maji salama, na shuleni kwetu tulikuwa na tangazo ukutani lililosema hivyo hivyo.

Rasimu hiyo ilipitishwa kwa msomaji mmoja wa kujitolea, mama kijana ambaye riziki yake ni kuzihudumia ndoo za kuchujia maji, zile zinazowekwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe ili ushike floraidi. Alirudisha mistari miwili tu. Alisema kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, na kwamba maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani, hivyo kila kikombe kinachosalia huwa nayo nyingi kuliko awali.

Nilikaa na mistari ile jioni nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na madhara ya meno hutokea katika miaka ile ambayo meno yanajijenga ndani ya ufizi, kabla mtoto hajatimiza takriban miaka minane. Hao ndio watoto hasa ambao ushauri wangu ungewafikia. Mama angenunua makaa, angechemsha maji kwa muda mrefu kwa sababu makala ilimwambia achemshe barabara, na kwa juhudi zake zote angekuwa anamwongezea mwanawe kile alichotaka kukiondoa. Tuliiandika upya sehemu ile ya mwisho. Tulieleza ndoo za mkaa wa mifupa, pamoja na jambo ambalo mimi nisingelijua, kwamba mkaa huo huchoka na ni lazima ubadilishwe au usafishwe upya. Tukaeleza pia kwamba maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi karibu hayana floraidi kabisa, hivyo familia yenye tangi dogo inaweza kuwatengea maji hayo watoto wadogo, huku maji ya kisima yakitumika kwa kufulia na kuosha, nayo ya kunywa bado yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Jina langu ndilo lililowekwa juu ya makala hiyo. Jina la yule mama liliwekwa chini kwa herufi ndogo, na hadi leo naona kwamba mpangilio ule haukuwa wa haki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "Mimi sina la kuchangia kwa sababu sijui kuandika." Mhariri wa kujitolea ni mwalimu, muuguzi au mwanafunzi anayeifungua kompyuta saa tatu usiku baada ya kazi yake ya mchana. Hawezi kuyajua yote yanayoandikwa na watu wa Molo, Bahati, Njoro na Naivasha. Wasomaji, wakijumlishwa, wanayajua. Chukueni mfano wa makala za bei ya mazao. Mwandishi kijana husema kwamba mfuko wa viazi umeuzwa kwa kiasi fulani, na anaona kwamba ametoa habari kamili. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Wakulima atauliza papo hapo: mfuko gani? Kanuni za mwaka 2019 zinataka mfuko wa viazi usizidi kilo 50, lakini mkulima wa Mau Narok anajua vizuri kwamba bado kuna wanunuzi wanaouongezea wavu mdomoni hadi unabeba mara mbili ya hapo kwa bei ile ile. Bei isiyotaja uzito haimwambii mkulima lolote. Mbaya zaidi, inaweza kumfanya aamini kwamba amelipwa vizuri siku aliyopunjwa. Swali hilo la maneno mawili ni mchango, na muuza viazi anayeliuliza ni mchangiaji sawa na aliyeandika.

Sisi watu wa Nakuru tuna sababu yetu ya kulithamini jambo hili. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoufikia mji wetu, ujumbe mfupi wa simu ulikuwa ukienda mbio kuliko watu. Jioni moja nililetewa ujumbe ule ule na watu watano tofauti, kwamba shule niliyokuwa nikifanyia kazi imechomwa moto. Nilimpigia simu mlinzi wa usiku. Alikuwa langoni, na shule ilikuwa nzima. Nilitumia salio langu lote la simu kuwajulisha wazazi ambao nambari zao nilikuwa nazo, kwa sababu nilijua kwamba baba anayeamini kuwa shule ya mwanawe imechomwa huanza kumtafuta wa kumlipizia. Mwezi huo huo Wakenya wachache walianzisha Ushahidi, mfumo uliopokea taarifa za wananchi kwa simu na kwa intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Watu waliojitolea huko walikabiliana na swali lile lile nililokabiliana nalo mimi na mlinzi wetu: ni nani aliyeliona jambo hili kwa macho yake? Jarida la jamii linalochapisha bila kuuliza swali hilo halina tofauti kubwa na ujumbe ule wa saa za jioni, hata kama limeandikwa kwa lugha nzuri.

Kuna kazi nyingine ya kuhakiki ambayo watu huiogopa bure, nayo ni kuziandikia ofisi za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi ndani ya siku 21, inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, inakataza ofisi kutoza ada ya kupokea ombi, na inamtaka afisa husika amsaidie mwombaji asiyejua kusoma na kuandika. Nilipokuwa nikiandaa makala yangu ya pili, niliomba kuonyeshwa vipimo vya maji ya kisima kimoja cha umma. Siku 21 zilipita bila jibu. Niliandika tena, nikaambatisha nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri wa kupokelewa, na katika wiki ya tisa nikapewa ukurasa mmoja wa vipimo. Huo muhuri ndio ulionisaidia, na kila atakayefuata njia hii asikubali kuiacha barua mezani bila nakala yake kupigwa muhuri. Mtu anayeweza kuandika barua ya nusu ukurasa, kuifikisha, kuihesabia siku na kurudi tena bila hasira, amelichangia jarida kitu ambacho mwandishi wa kipaji asiye na subira hawezi kulichangia.

Kuhusu lugha nitasema machache. Katika mtaa wetu nyumba sita zinaweza kuwa na lugha za mama tano, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha uani. Mzee anayekumbuka jinsi mpaka wa Ziwa Nakuru ulivyokuwa kabla maji hayajapanda na kuyameza mashamba na nyumba za watu katika miaka ya karibuni, huenda asiweze kuandika ukurasa mmoja, lakini akiulizwa kwa lugha yake na mjukuu wake ataeleza saa nzima. Mjukuu airekodi sauti hiyo, mwingine ainakili, wa tatu aitafsiri, kisha mzee asomewe tena kilichoandikwa ili aseme kama ndicho alichokisema. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote.

Sasa nije kwa masahihisho, jambo ambalo kazi ya ukarani ilinifundisha kwa miaka 27. Katika daftari la mahudhurio la shule haturuhusiwi kufuta. Ukiandika vibaya, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi kando yake, unatia sahihi na tarehe. Mkaguzi akija, analiona kosa, anaona lilivyorekebishwa, na anamjua aliyelirekebisha. Daftari lenye mistari kama hiyo humpa imani kuliko lile lililo safi mno. Ningependa jarida letu lifuate desturi hiyo. Katika mtandao ni rahisi sana kulibadilisha neno usiku na asubuhi likaonekana kana kwamba ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo, lakini msomaji aliyeisoma makala jana na kumsimulia jirani hatajua kwamba alimsimulia kosa. Makala inaporekebishwa, iandikwe juu yake ni nini kilichokuwa na makosa, kimesahihishwa lini, na ni nani aliyetutanabahisha, akikubali kutajwa. Na sisi tunaoandika tujifunze kuyapokea masahihisho bila kuona kwamba tumedharauliwa. Rasimu yangu ya tatu ilirudi ikiwa imepunguzwa karibu nusu, nami nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya binti yangu, nikasikia kwamba nusu iliyoondolewa ilikuwa ikirudia nusu iliyobaki.

Wapo watakaouliza kama ni haki kuwaomba watu kazi hii yote bila malipo. Ni swali zito, hasa kwa kijana aliyemaliza chuo na hana ajira, ambaye huambiwa kila mahali kwamba malipo yake ni kujulikana. Mtu mwenye pensheni kama mimi anaweza kutoa jioni zake. Kijana anayehesabu nauli ya kwenda mjini hawezi kutoa kwa kipimo hicho hicho, na jarida lisijifanye haliioni tofauti hiyo. Iwapo kuna fedha yoyote inayopatikana kwa michango, ianze kulipia bando la intaneti na nauli ya yule anayekwenda kuhakiki, kabla ya kupamba kurasa. Na asiyeweza kulipwa aandikiwe barua inayoeleza kazi aliyoifanya, tena barua ya kweli inayotaja makala alizozihakiki na makosa aliyoyakuta, kwa maana barua inayosema tu kwamba fulani ni mtu mwenye bidii haimsaidii mbele ya mwajiri.

Ombi langu kwenu wahariri ni kwamba mnapoalika michango, msiseme tu "tuleteeni makala." Andikeni kazi zenyewe, zikiwa ndogo na zenye mipaka: anatafutwa mtu wa Gilgil wa kuthibitisha jina la shule hii, anatafutwa fundi wa umeme wa kuisoma aya hii moja, anatafutwa mtu anayejua Kikalenjin wa kusikiliza dakika kumi na mbili za sauti. Mwenzangu wa Kaptembwo anayeona haya kuitwa mwandishi hataona haya kuitwa kwa jambo analolijua tangu utotoni.

Kwa upande wangu, ninajitolea kuzihakiki makala zote zinazohusu shule za msingi na zile za maji ya visima, nikishirikiana na yule mama wa ndoo za kuchujia, ambaye nimezungumza naye na amekubali, kwa sharti kwamba jina lake sasa liandikwe pale juu, kando ya jina la mwandishi. Tutakutana kila Jumanne jioni kwangu, ambako mtandao unashika vizuri. Mkitutumia rasimu kabla ya saa kumi na mbili, mtapata majibu yetu usiku huo huo.