Maswali ya Wasomaji: Mgongo, Tiba ya Kairopraktiki na Mazoezi

Maswali ya ukurasa huu yamejibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina umri wa miaka 38, na kiuno kimekuwa kikiniuma kwa miezi minne, hasa jioni baada ya kushona kutwa nzima. Shemeji yangu alinipeleka kwenye kliniki ya kairopraktiki, wanakonyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa kwamba pingili tatu za uti wa mgongo zimehama na kwamba zikirudishwa mahali pake hata presha yangu itapona. Siku hiyo mgongo ulilia "ka!" nikapata nafuu ya siku mbili. Sasa natakiwa kulipia kwa mkupuo matibabu ya miezi sita. Je, nilipe? Na vidonge vya presha niviache?
Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nianze na lisilosubiri: vidonge vya presha usiviache bila idhini ya daktari aliyekuandikia, kwa sababu hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kunyoosha pingili kunatibu shinikizo la damu, ilhali presha iliyoachwa bila dawa inaweza kuishia kwenye kiharusi na figo zilizoharibika.

Dai uliloambiwa lina asili yake. Tiba ya kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, na Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa kile kilichoitwa nguvu ya sumaku ya mwili, baada ya kudai kwamba amemrudishia usikivu Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo lilimokuwa ofisi yake, kwa kusukuma pingili moja ya mgongo wake. Neva ya usikivu haipiti mgongoni, lakini hilo halikumzuia Palmer kujenga nadharia kwamba takriban magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama na kubana neva. Wapo watabibu wa kairopraktiki wanaoifuata nadharia hiyo hadi leo, na wapo walioiacha zamani. Mwaka 2010 baraza linalowasimamia nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria na haina ushahidi wa kuthibitisha kuwa ni chanzo cha magonjwa. Aliyekuambia kwamba presha yako inatoka mgongoni, basi, ameachwa nyuma na wenzake wa taaluma ileile.

Kuhusu kiuno chenyewe, jibu langu ni la upole zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yale yaliyopita miezi mitatu kama yako, limeitaja tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, pamoja na kuchua misuli, miongoni mwa huduma zinazoweza kumsaidia mgonjwa, sambamba na elimu na mazoezi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ni mkali zaidi, kwani unairuhusu tiba ya mikono ikiwa tu inaambatana na mazoezi. Nami nakubaliana na Waingereza katika hili, ingawa msomaji ana haki ya kunishuku kwamba napigia debe kazi yangu. Nafuu uliyoipata ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba siku ya tatu ulirudi kuinamia cherehani ileile, kwa saa zilezile, ukiwa na misuli ileile dhaifu. Mlio uliousikia nao haukuwa wa pingili kurudi mahali pake. Viungo vyetu vina ute, na kiungo kinapovutwa ghafla shinikizo la ndani hushuka, gesi iliyoyeyuka katika ute hufanya kiputo, na sauti ikasikika. Unaweza kutoa mlio huo kwa vidole vyako bila kuponya chochote.

Picha pia isikutie hofu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kwa watu wasiosikia maumivu yoyote ya mgongo, vipimo vya picha hukuta diski, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa huko, kwa sehemu kubwa, ni mvi za ndani.

Kwa hiyo usilipie miezi sita kwa mkupuo. Ukitaka kuendelea, lipia kila unapohudhuria, uliza kama mtoa huduma na kliniki yake wamesajiliwa, na ikiwa baada ya wiki chache huoni mabadiliko katika kazi zako za kila siku, acha. Ama ukiamua kuendelea au kuacha, haya ya nyumbani yafanye: inuka kwenye cherehani kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika moja, inua meza au shusha kiti hadi uweze kushona bila kuukunja mgongo, tembea kwa mwendo wa haraka siku nyingi za wiki. Kisha ongeza mazoezi ya kuimarisha kiuno. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikiwa chini, unyanyue makalio taratibu, uhesabu hadi tano na kushuka, mara nane hadi kumi. Geuka upige magoti na kuegemea viganja, unyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, kisha ubadilishe. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili ya kuumia, mradi yatulie kabla ya siku inayofuata. Yasipotulia, punguza idadi badala ya kuacha kabisa. Usitarajie matokeo kabla ya majuma kadhaa, na wengi huacha mazoezi katika kipindi hichohicho cha kusubiri.

SWALI: Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunikanda kichwa na mabega, kisha huizungusha shingo yangu kwa ghafla kulia na kushoto mpaka ilie. Raha yake haielezeki. Kuna ubaya?
Kijana, Mombasa

JIBU: Kukandwa mabega hakuna ubaya. Shingo mkatalie. Mishipa miwili ya damu inayopeleka damu nyuma ya ubongo hupita ndani ya vitundu vya pingili za shingo, na kuizungusha shingo kwa nguvu na kwa ghafla kunaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda pale na kusababisha kiharusi, hata kwa kijana mwenye afya. Hutokea kwa nadra, na ndiyo maana hata watabibu waliosomea kairopraktiki kwa miaka wanatakiwa kumhoji na kumpima mgonjwa kabla ya kuigusa shingo. Kinyozi hana mafunzo hayo. Ukipata maumivu mapya makali ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kushindwa kumeza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 67 na nina kisukari. Nimeshauriwa kufanya mazoezi, lakini kila asubuhi nalima shambani kwangu. Je, jembe halitoshi?
Mwalimu, Bukoba

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Jembe linahesabiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, ziwe za kazi, za safari au za michezo, na sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika kumi limeondolewa. Shughuli ni ya wastani ikiwa unaweza kuzungumza huku ukiifanya lakini huwezi kuimba.

Pamoja na hayo, jembe halimalizi yote. Mwongozo huo unaongeza mazoezi ya nguvu ya misuli mikubwa kwa siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwa waliotimiza miaka 65 unataka pia mazoezi ya uwiano wa mwili kwa siku tatu au zaidi, ili kuzuia kuanguka. Simama na kuketi kwenye kiti bila kujishika, mara kumi. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Kwa kuwa una kisukari, vaa viatu vilivyofungwa shambani na ukague nyayo kila jioni, na ikiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, beba kitu kitamu mfukoni.

SWALI: Nabeba mizigo sokoni. Je, mkanda wa mgongo utanisaidia na maumivu ya kiuno niliyonayo kwa mwaka sasa?
Mbeba mizigo, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unashauri mikanda isitumike kama tiba ya maumivu sugu ya kiuno. Fedha hiyo itumie kumwona mtaalamu wa fiziotherapia walau mara moja, akupangie mazoezi yanayolingana na uzito unaobeba.

SWALI: Baba mkwe wangu ana maumivu ya mgongo yasiyomwacha hata usiku. Jioni hupata homa, amekonda, na wiki hii anasema miguu inakosa nguvu. Ndugu wanataka tumpeleke kwa mzee anayenyoosha mifupa.
Mkwe, Dodoma

JIBU: Dada yangu, mgongo huo usiguswe na mnyooshaji yeyote, awe mzee wa kijijini au mtabibu wa kairopraktiki mwenye cheti. Maumivu ya usiku, homa na kukonda vikikutana, tunafikiria kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huweza kumpata mtu asiyekohoa kabisa, na pia saratani. Katika hali zote mbili pingili huwa zimelika, na kuzisukuma kunaweza kumpoozesha. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kuwa miguu imeanza kuishiwa nguvu, mpelekeni leo kwenye hospitali ya rufaa, akisafiri amelala, na mwambieni daktari kama ana ganzi sehemu za siri au ameshindwa kuzuia au kutoa haja.