Kiwanja cha Uyole cha milioni 60: bei ya soko ndiyo thamani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Mbeya. Mwanachama wetu anaomba mkopo wa sh. milioni 40, na dhamana ni kiwanja chake cha Uyole chenye fremu mbili. Kila fremu inapangishwa sh. 80,000 kwa mwezi. Madalali wanasema kiwanja kinaondoka kwa milioni 60, na ni kweli jirani yake kauza kwa bei hiyo. Mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo, aliyesoma uchumi, anasema soko lina ufanisi, kwa hiyo bei hiyo ndiyo thamani. Anaongeza kwamba hata kama ni povu la bei, nadharia inakubali kuwa povu linaweza kuleta ufanisi. Hapo mimi ndipo nilipopotea.

JIBU: Marahaba. Kinachowachanganya ni neno moja, ufanisi, ambalo wachumi tunalitumia kwa mambo mawili. La kwanza ni ufanisi wa taarifa, ambao Eugene Fama aliueleza mwaka 1970: bei imeshabeba kila kinachojulikana, kwa hiyo huwezi kuipiga chenga kila siku. La pili ni ufanisi wa mgawanyo: mali za jamii zimepangwa kiasi kwamba huwezi kumnufaisha mmoja bila kumuumiza mwingine. Mjumbe wako anaanza na la kwanza na kumalizia na la pili.

Tushike kalamu. Fremu mbili zinaleta sh. 1,920,000 kwa mwaka. Tuseme hela hiyohiyo ukiiweka kwenye hatifungani ya Serikali (yaani kuikopesha Serikali kwa riba) ungepata asilimia 12 kwa mwaka. Kama kodi ya fremu itapanda asilimia 4 kila mwaka, kiwanja kinatakiwa kukupa asilimia 8 tu ya kodi (yaani 12 toa 4), maana 4 zilizobaki zinaletwa na kupanda kwa kodi; unagawa 1,920,000 kwa asilimia 8, unapata milioni 24. Ili kiwanja kistahili milioni 60, kodi inabidi ipande karibu asilimia 9 kila mwaka, bila kukoma. Anayeamini hivyo ataona milioni 60 ni halali. Asiyeamini ataona milioni 36 za juu ni povu: bei inayolipwa kwa sababu tu mnunuzi anategemea kumuuzia mwingine kwa zaidi. Ugumu ndio huo, kwamba bei peke yake haikuambii nani yuko sahihi. Ndiyo maana tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2013 walipewa pamoja Fama na Robert Shiller, ambaye miaka mingi alionyesha kwamba bei za hisa zinayumba kuliko gawio linavyoweza kueleza. Wa tatu alikuwa Lars Peter Hansen.

Kwa soko la viwanja nina shaka zaidi. Kwenye hisa za nchi kubwa, anayeona bei imezidi anaweza kukopa hisa, akaziuza, akazinunua tena zikishuka. Kiwanja cha Uyole hukikopi ukakiuza. Mwenye shaka ananyamaza tu, na bei inabaki mikononi mwa wenye matumaini makubwa kuliko wote.

Sasa hoja ya pili, kwamba povu linaweza kuleta ufanisi, ambayo mjumbe wako kaisikia vizuri ila kaikata katikati. Mchumi Jean Tirole aliionyesha mwaka 1985, akijenga juu ya kazi za wachumi Paul Samuelson ya 1958 na Peter Diamond ya 1965. Fikiria mtaa ambao kila mwenye akiba anajenga fremu kwa sababu hana pengine pa kuweka hela. Zinajengwa thelathini, nusu zimefungwa kwa kufuli, na faida ya kujenga nyingine inashuka hadi chini ya kasi ya ukuaji wa uchumi. Hapo jamii imejenga kupita kiasi, imejinyima chakula cha leo kwa tofali zisizozaa. Kitu ambacho vijana wananunua kwa wazee, nao wakizeeka wakawauzia vijana wengine, hata kama hakizai chochote, kinaondoa akiba kwenye tofali hizo na kila kizazi kinapata nafuu. Povu la namna hiyo linaongeza ufanisi wa mgawanyo. Mimi naiona ni moja ya hoja nzuri kuliko zote katika uchumi.

Lakini sharti lake ni zito. Povu lazima likue kwa kasi ya faida ambayo watu wangeipata kwingine, la sivyo hakuna atakayelishika. Milioni 36 zako zikikua kwa asilimia 12, baada ya miaka 10 ni milioni 112, na baada ya 20 ni milioni 347. Kipato cha wanunuzi kikikua kwa asilimia 6 tu, povu litawapita mfukoni. Povu hilo linadumu pale tu ambapo faida haizidi ukuaji, na katika hesabu yetu inazidi mara mbili.

Tena katika hoja ya Tirole watu wananunua kwa akiba yao. Franklin Allen na Douglas Gale walieleza mwaka 2000 kinachotokea wakinunua kwa mkopo: bei ikipanda faida ni ya mkopaji, ikiporomoka anawaachia waliomkopesha kiwanja. Bei ikirudi milioni 24 kabla hajaanza marejesho, SACCOS imepoteza milioni 16, na hizo ni akiba za mama anayeuza viazi. Na msitegemee kwamba itapanda tena: fahirisi ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za Japani, ilifunga mwaka 1989 kwenye 38,915 na haikuivuka hadi Februari 2024.

Kwa hiyo kwenye faili andika thamani ya dhamana milioni 24, na umwombe mwanachama mikataba ya wapangaji ya miaka mitatu iliyopita. Kama kodi kweli imekuwa ikipanda asilimia 9, rudi na hizo karatasi tuhesabu upya. Kama ilikuwa sh. 80,000 tangu mwanzo, hata milioni 24 ni nyingi: gawa 1,920,000 kwa asilimia 12 kavu, utapata milioni 16.