Bwawani: Mafuta Yamo Tayari Ndani ya Pumba

Mwezi huu kila barua inanuka mafuta. Nazi, alizeti, hata makonyo ya karafuu. Nimezichagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lake niliwahi kulifanya mwenyewe. (Anayeuliza tena kuhusu jina la safu: ni bwawa la samaki. Hatuhusiani na Hoteli ya Bwawani ile ya Mjini Unguja.)

*

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Nina tangi la saruji nyuma ya nyumba, nimepandikiza perege 400. Chakula nachanganya mwenyewe. Katika kilo kumi natia pumba za mpunga kilo tano, vumbi la dagaa kilo tatu, na chicha la nazi lililoanikwa kilo mbili. Nilisikia samaki wanahitaji mafuta. Alizeti ya dukani imenishinda bei, basi juu yake natia nusu lita ya mafuta ya nazi tunayopika nyumbani. Mwezi wa nne huu, wamedumaa. Mapezi yamelika pembeni, na nilipompasua mmoja ini lilikuwa kubwa na limepauka. Niongeze mafuta, au nibadilishe?
Mfugaji, Konde, Pemba

Waalaykumu salaam, mwanangu. Usiongeze wala usibadilishe. Acha kutia.

Chukua kalamu tuhesabu, na mie nitakupunja makusudi. Pumba za mpunga, kama ni pumba kweli na si kumvi (yale maganda makavu ya nje), zina mafuta asilimia 12 mpaka 18. Tushike 12: kilo tano zinakupa gramu 600. Dagaa mkavu ana kidogo, tuseme gramu 150 kwa kilo zako tatu. Chicha ndilo watu wanalolidharau. Tui la mkono halimalizi mafuta ya nazi hata ukamue mara tatu, na likishakauka, karibu theluthi yake ni mafuta. Hapo pana gramu 600 nyengine. Ukimimina na ile nusu lita, unapita kilo moja na robo tatu ya mafuta katika chakula kisichofika kilo kumi na moja. Ni kama asilimia 17. Perege anaridhika na 5 mpaka 10. Ukimzidishia anashiba kabla hajapata protini ya kumkuza, na ziada inakwenda kukaa kwenye ini na tumboni. Lile ini kubwa uliloliona lina habari hiyo.

Sasa aina ya mafuta. Samaki, kama sisi, kuna asidi za mafuta asizoweza kujitengenezea, lazima azile. Kwa perege kubwa ni linoleiki, ile ya jamii ya omega-6, na inamtosha ikiwa nusu asilimia mpaka asilimia moja ya chakula chote. Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Linoleiki humo ni kama asilimia 2 tu, na zile za omega-3 huzioni. Kwa samaki, nazi ni kuni: inampa nguvu ya kuogelea, haimpi cha kujengea mwili. Alizeti, kinyume chake, zaidi ya nusu ya mafuta yake huwa linoleiki, na soya inaikaribia. Ndiyo maana wanaotengeneza chakula cha perege wameweza kuyaacha mafuta ya samaki wakatumia ya mimea bila samaki kudumaa. Samaki wa maji baridi ukimpa asidi fupi za mimea, mwenyewe anazirefusha mwilini. Changu na chewa hawawezi hivyo, au wanaweza kidogo mno. Wao wamezoea kuikuta kazi imeshafanywa ndani ya dagaa wanaowameza.

Lakini kabla hujakimbilia alizeti ya Singida: theluthi ya mafuta ya pumba za mpunga ni linoleiki. Katika zile gramu 600 unazo kama 200, karibu mara mbili ya anachohitaji. Umekuwa nayo siku zote, bure.

Basi mapezi yanalika kwa nini? Hapa nakushuku kwa jambo ambalo hukuniandikia. Hilo gunia la pumba limekaa muda gani?

Mie mwaka mmoja, masika yakikaribia, niliona mashine moja inauza pumba kwa bei ya kutupa, nikajaza magunia sita stoo. Mvua ikapiga wiki nzima. Nilipofungua gunia la tatu lilinuka sabuni, ile sabuni ya mche iliyosahauliwa kabatini. Nikalionja, chungu. Nikasema samaki hawana pua kama yangu, nikawapa. Wiki mbili wakawa wanakuja juu kwa uvivu, wanatema. Mwisho wa mwezi niliwapasua watano na maini yote yalikuwa rangi ya samli iliyokaa. Nilitoa maiti kila asubuhi mpaka nikaacha kuhesabu, na marehemu mume wangu akawa ananiuliza kama nafuga au nazika.

Pumba haifanani na unga. Mpunga ukishakobolewa, kimeng'enya kilichomo kinaanza siku hiyohiyo kuyavunja mafuta, na kwa joto letu siku chache zinatosha kuyaharibu. Mafuta yaliyoharibika yanaimaliza vitamini E iliyomo kwenye chakula, kisha yanaingia kwenye ini. Ukiongeza mafuta mazuri juu ya pumba mbovu, umeyatia kwenye mtungi uliovunda.

Fanya hivi. Pumba chukua za wiki mbili, si zaidi, na siku inapotoka mashineni ikaange kwenye sufuria pana, moto wa wastani, ukikoroga mpaka mvuke uishe na iwe ya moto kiasi cha mkono kutovumilia. Joto linakiua kile kimeng'enya. Ikipoa ifunge, iweke juu ya chaga, usiilaze kwenye saruji. Kabla ya kuchanganya onja kidogo ulimini. Ikiwa chungu, itie shambani kwenye migomba. Mchanganyo wako mpya: pumba kilo tano na nusu, dagaa kilo nne, chicha nusu kilo. Chicha lililobaki wape kuku. Hapo mafuta yanashuka kwenye 10 na protini inapanda kutoka kama 24 mpaka 30 na ushei, ambayo perege wadogo kama wako wanaitaka. Dagaa wa vumbi wapepete kwanza, wauzaji wa diko, pale samaki wanaposhushwa, wanajua mchanga una uzito.

*

Bi Mkubwa, nimesoma kuwa mafuta ya mimea yanachukua nafasi ya mafuta ya samaki kwenye chakula. Sisi Pemba tuna mafuta ya mimea yanayosifika dunia nzima, ya karafuu na makonyo. Nitie kiasi gani?
Kijana wa Wete

Sifuri, na nakushukuru kwa kunichekesha siku ya joto.

Kosa si lako, ni la lugha yetu: yote mawili tumeyaita mafuta. Yale yatokayo kiwandani Wawi ni mafuta ya harufu. Ukiyaacha wazi yanapotea hewani, na ndani yake hamna linoleiki wala cha kushibisha. Sehemu kubwa ni eujenoli, kile kinachoganzisha jino bibi yako akikutilia karafuu mdomoni. Samaki naye inamganzisha, na ukizidisha anasahau kupumua.

Lakini usiitupe chupa. Kwa mfugaji kazi yake ni ya usingizi. Nikitaka kupima samaki wazazi au kuwatenga jike na dume, natia kama tone moja kwa kila lita ya maji ndani ya ndoo. Natikisa kwanza matone kwenye kichupa cha maji vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, maana yenyewe hayachanganyiki, yanazama. Baada ya dakika chache samaki analala ubavu. Napima haraka, namrudisha kwenye maji safi yenye hewa, anaamka. Anza na samaki mmoja, si ishirini. Na aliyelazwa hivyo asiingie chunguni siku hiyo.

*

Shikamoo Bi. Samaki wangu, kama mmoja katika kumi, wana mgongo uliopinda, wengine kama herufi S. Tangi langu ni safi, maji naona mpaka chini, nabadilisha kila siku mbili. Chakula napika kama ugali ili kisisambaratike. Nimewatia vitamini za kuku za dukani, paketi ya pili hii, hakuna tofauti. Nibadilishe kampuni?
Mfugaji, Dole, Unguja

Marahaba. Kampuni haina kosa. Kuku anajitengenezea vitamini C mwilini mwake, kwa hiyo dawa yake mara nyingi haina. Samaki hawezi, kama sisi tusivyoweza. Akiikosa, mfupa na gegedu havishikani vizuri na uti wa mgongo unapinda akingali mdogo. Geuza paketi usome nyuma. Kama hamna C, umekuwa ukiwanunulia samaki vitamini za jirani.

Na hata ingekuwamo, umeipika. Vitamini C haivumilii moto, na baada ya moto haivumilii kukaa. Chemsha uji wa kushikizia peke yake, uache upoe, ndipo uchanganye vilivyobaki. Mwani uliooshwa chumvi yote kwa maji baridi na kuchemshwa unashika vizuri kuliko ugali, na akina mama wa mwani watakupa makombo kwa bei ndogo. Duka la mifugo waulize vitamini C ya kutia kwenye chakula cha samaki, ile iliyofungwa na fosfeti. Hiyo inastahimili. Majani mabichi ya mlonge yaliyotwangwa siku hiyohiyo yanasaidia pia, ila usiyahesabu kama dawa.

Lakini ungekuwa mwanangu ningekukanya kwanza kuhusu maji. Unaona mpaka chini, na unaona fahari! Maji ya perege yawe kijani, mkono ukiuzamisha mpaka kiwiko vidole vianze kupotea. Ile kijani ni mimea midogo, na perege anaichuja mchana kutwa. Mwenye bwawa la udongo hasikii habari za vitamini C kwa sababu bwawa linampikia. Wewe kila siku mbili unamwaga chungu. Badilisha kidogo kidogo, angalia tu alfajiri wasije wakahema juu kwa kukosa hewa, hapo kijani imezidi.

Waliokwisha kupinda hawatanyooka. Wauze mapema, nyama yao haina neno, ila usiwaweke kuwa wazazi. Na nijibu barua ijayo: vifaranga umevitoa wapi? Kama ni watoto wa jozi ileile miaka mitatu mfululizo, basi huenda mgongo ni wa ukoo na haya yote niliyoyaandika ni nusu tu.

Jambo moja kabla sijakuacha. Ukipunguza dagaa kwa sababu ya bei, fosforasi, madini ya mfupa, nayo inapungua. Ile ya kwenye pumba imefungwa kwenye faiteti, ghala la fosforasi la mbegu, na tumbo la perege haliifungui. Tia unga wa mifupa uliochomwa, kiganja kimoja kwa kilo kumi. Chokaa ya kuku wa mayai haisaidii hapo, hiyo ni kalisiamu, na kalisiamu samaki anaivuta majini mwenyewe.

*

Bi Mkubwa, mume wangu analisha perege soya na alizeti. Daktari kaniambia mtoto ale samaki kwa ajili ya omega-3 ya ubongo. Huyu perege wetu anayo?
Mama wa watoto watatu, Mkoani

Anayo kidogo. Minofu ya samaki inafuata mlo wake: akila alizeti, omega-6 inapanda na omega-3 inashuka. Mumeo anaweza kumpa dagaa wengi wiki chache za mwisho kabla ya kuvua na hali ikawa bora, lakini hesabu yake ni ya ajabu, kwa sababu dagaa wale wa bahari ndio wenye hiyo omega-3 tangu mwanzo, na dikoni Mkoani mnawapata wabichi. Perege muuzeni, mtoto mpikie dagaa.