Swali la lugha: kijinga, kwa ujinga, ovyo au kichwakichwa?

Kuna dada wa Moshi kaniandikia, kazi yake ni kutafsiri maelekezo ya usalama kwa ajili ya waongozaji na wagumu (wapagazi) wanaopandisha wageni mlimani. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Kwenye karatasi ya Kiingereza nimekutana na foolishly, rashly, carelessly na recklessly, zote nimeandika kijinga maana ndo neno lililonijia. Bosi kasoma akasema karatasi inatukana watu. Hivi Kiswahili hatuna maneno mengine ya kufanya jambo bila akili?"

Marahaba mdogo wangu. Tunayo mengi tu, na bosi wako kaona kitu cha kweli, maana ukimwambia mtu mzima "usifanye kijinga" umeshamhukumu kabla hajafanya lolote. Ila tatizo haliishii kwenye adabu.

Tuanze na hiyo foolishly, kwa sababu ndo inayowapoteza watafsiri wengi. Kwa Kiingereza lina kazi mbili na mara nyingi kinachozitenganisha ni mahali linapokaa. He answered foolishly, hapo linaeleza jinsi alivyojibu, jibu lenyewe lilikuwa la ovyo. He foolishly answered, hapo jibu linaweza kuwa zuri kabisa, kosa ni kule kuamua kujibu wakati alitakiwa anyamaze. Neno ni moja, maana mbili. Sasa kijinga yetu inabeba vizuri ile ya kwanza tu, kwa sababu hiyo ki- ni ya namna na mtindo, kama kulia kitoto, kuvaa kizungu, kuongea kichaga, kwa hiyo ukiandika "aliondoka kambini kijinga" msomaji anaanza kuwaza huyo mtu alikuwa anatembeaje, wakati wewe ulitaka kusema hakutakiwa kuondoka kabisa. Mpira ukiisha tunasema "tumefungwa goli kijinga" na inakaa sawa kwa sababu goli lenyewe liliingia hivyo. Lakini ukitaka kulaumu uamuzi, Kiswahili kinakuhamisha: "kwa ujinga wake akaondoka kambini peke yake", au "alifanya ujinga kuondoka", au kama tunavyosema mtaani, "si akajitoa ufahamu akaondoka usiku ule". Angalia hapo lawama imekaa wapi, haipo kwenye kielezi tena, imeingia kwenye kitenzi au kwenye kwa ya sababu. Ukilishika hili moja nusu ya kazi yako imeisha, maana kila ukikutana na foolishly utajiuliza kwanza, hapa kinachosemwa ni namna au ni uamuzi?

Rashly sasa, na hii kwa mlimani ndo muhimu kuliko zote. Kilimanjaro ni mita 5,895 na hewa inazidi kuwa nyepesi kadri unavyopanda, mgeni akikazana kutembea siku za mwanzo mwili unakuwa haujapata muda wa kuzoea, kichwa kinauma, anaanza kutapika, na ikizidi inakuwa hatari kwa maisha, ndo maana waongozaji kutwa nzima wimbo ni polepole, polepole. Huyo anayekazana anaweza kuwa profesa, kumwita mjinga ni kumkosea na pia ni kukosea tafsiri. Huyo ana papara au ana pupa. Na hayo mawili hayafanani, pupa ina tamaa ndani yake, mtu anataka apate upesi na apate chote, wahenga walishasema mtaka yote kwa pupa hukosa yote, ila papara ni ile haraka ya kukosa utulivu, hata kama hakuna anachokitamani. Kuna pia kukurupuka, ambayo ni kitenzi na inafaa sana pale mtu anapoamua ghafla tu. Na kuna kichwakichwa, neno nalolipenda mno, huku Arusha utasikia "kaingia kwenye biashara ya tanzanite kichwakichwa", maana yake hakuchunguza, hakuuliza wazoefu, katanguliza kichwa tu. Kwenye karatasi rasmi sitaliweka, lakini siku unaongea na wagumu kwa mdomo litumie, litaeleweka kuliko maelezo marefu.

Carelessly iko karibu na uzembe au ovyo, na hapa angalia kama mtu alikuwa na wajibu. Mwongozaji ambaye hakukagua mtungi wa oksijeni kabla ya safari amefanya uzembe, maana ilikuwa kazi yake. Mgeni anayedondosha chupa njiani anatupa taka ovyo. Recklessly ni nzito zaidi ya hizo, huyu anaijua hatari, ameiona, na bado anaendelea. Kwenye taarifa nyingi za ajali utaona "uzembe wa dereva" kwa kila kitu na mi naona hatutendi haki, kwa sababu dereva aliyesahau kuwasha indiketa na dereva aliyeovateki kwenye kona na abiria wamejaa hawawezi kubebwa na neno moja. Huyo wa pili sema aliendesha bila kujali hatari, au bila kujali maisha ya watu. Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, sawa, hakuna sheria inayosema kielezi lazima kiwe neno moja.

Turudi kwenye kutukana. Ujinga kwa asili sio tusi, ni kutojua. Mwalimu Nyerere aliposema maadui wa nchi ni ujinga, maradhi na umaskini hakuna aliyejiona katukanwa, na ule mwaka wa elimu ya watu wazima, 1970, watu wazima walikaa darasani kufuta ujinga bila aibu. Upumbavu ndo kitu kingine, hapo mtu anajua au angeweza kujua, lakini hataki. Wanaosoma Biblia wafungue Mithali 1:22, wajinga na wapumbavu wametajwa mbalimbali. Kwa hiyo kipumbavu usiiweke kabisa kwenye karatasi ya kazi.

Na naomba sana, usiseme kienyeji ukimaanisha bila utaratibu. Najua wengi wanasema "mambo yamefanyika kienyeji" lakini wenyeji ni sisi wenyewe, na kuku wa kienyeji huyohuyo sokoni bei yake iko juu kuliko wa kisasa. Inaniuma tukijidharau kwa mdomo wetu. Sema kiholela.

Kwa karatasi yako ningeandika hivi: "Usipande kwa papara." "Usiache vifaa ovyo." "Usivuke eneo la mawe yanayoporomoka bila kujali onyo la mwongozaji." Na pale palipo na foolishly, kama ni maelekezo, weka "bila kufikiri", inatosha na haimuumizi mtu.

Hovyo na ovyo zote utazisikia, hata redioni. Kamusi zinaandika ovyo, nawe andika hivyo.