Usiitume hiyo meseji kwa dereva

Dada, kama hujabonyeza kutuma, iwache hapohapo. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ameanza kazi mapokezi kwenye hoteli moja huko Nungwi, Zanzibar, na ameuliza mambo manne kwa mpigo. Amuulize vipi meneja bila kuonekana hajui kazi, atumie WhatsApp au barua pepe, Kiingereza chake cha kuandika akinyooshe vipi, na mwisho akabandika meseji anayotaka kumpelekea dereva usiku huu akaomba tumwambie kama imekaa vizuri. Wachangiaji wote wa juu wamerukia la Kiingereza. Meseji hakuna aliyeitazama. Ni hii:

"Kesho usiku saa 8 wageni 4 airport, sawa?"

Tiketi ya wageni, kwa maelezo yake mwenyewe, inasema ndege inaruka Jumamosi tarehe 14, 02:05. Na kwenye jedwali la magari ameshaandika "J'mosi usiku".

Haikukaa vizuri. Imelala chali. Maneno manane, mashimo sita, na kila shimo mie nalijua kina chake kwa sababu meseji ya namna hii ndiyo iliyokula mshahara wangu. Hadithi yake siitoi, hainipendezi. Nitakuonesha mashimo.

"Kesho" huhesabiwa na msomaji. Ukituma saa tano na nusu usiku, mzee wako dereva akaifungua baada ya sala ya alfajiri, kesho yako imeshakuwa leo yake, na yeye anahesabu kesho nyengine mbele. Kesho kutwa na mtondo ni maneno ya barazani, mnapotazamana. Kwenye maandishi weka tarehe.

"Usiku" ndipo lilipo kaburi, na hapa naomba usome polepole. Kwetu siku huanza magharibi. Mtu mzima wa Mkwajuni akikwambia "usiku wa Jumamosi" anakusudia usiku wa kuamkia Jumamosi, ule unaoingia jua la Ijumaa likizama. Kijana aliyezoea kalenda ya kompyuta ukimwambia "usiku wa Jumamosi" atakwenda kwenye Jumamosi yenyewe baada ya magharibi, tarehe 14 kuingia 15. Wote wawili Kiswahili wanakijua na hakuna aliyekosea, ila baina yao kuna saa 24 nzima. Halafu inakuja tiketi na hesabu yake ya tatu, ambayo siku inageuka saa sita ya usiku. Kwa tiketi, 02:05 ni Jumamosi. Kwa mgeni anayebeba mabegi kutoka chumbani, safari ni Ijumaa. Hiyo "J'mosi usiku" yako kwenye jedwali, kijana wa zamu akiisoma atapanga gari Jumamosi usiku, na wageni muda huo ndege yao itakuwa imeondoka tangu usiku uliotangulia. Kaifute kabla hujamaliza kusoma huu uzi.

Tena "saa 8". Saa nane ya usiku ni 02:00, mie na wewe tunajua. Meneja wako si mtu wa huku, ataona 8 pembeni ya neno la usiku aseme 20:00. Mwengine anayetazama saa ya simu atasema 08:00. Tofauti ya saa zetu na za tiketi ni sita daima, haipandi wala haishuki, kwa hiyo kosa lake nalo huwa la saa sita, na saa sita haziokoleki njiani hata upewe askari wa kukufungulia barabara.

Lakini tuseme mzee ameshika tarehe, ameshika saa. Bado umemuua. Saa nane ni saa ya nini? Ni saa ya ndege kuruka! Wewe ulikuwa unamwambia afike saa ngapi? Fanya hesabu kwa kurudi nyuma: ndege 02:05. Safari ya nje, wageni wawe uwanjani saa tatu kabla, hiyo ni 23:05. Nungwi hadi uwanjani ni kilomita sitini na ushei, weka saa moja na nusu, inakuwa 21:35. Nusu saa ya mgeni aliyesahau pasipoti kwenye sefu, na nakuhakikishia yupo, inakuwa 21:05. Gari isimame mlangoni saa tatu kamili usiku, Ijumaa tarehe 13. Wewe umeandika saa nane. Mzee atafika saa nane, amevaa shati safi, kwa wakati barabara, na ndege itakuwa inawasha injini.

Hasara yake nayo si ya ndege moja. Mashirika mengi ya ndege, abiria asipotokea kwenye kipande cha mwanzo, vipande vilivyobaki vya tiketi ileile hufutwa. Wageni wanne wanaounganisha ndege kwenda kwao hawakosi ndege ya Zanzibar tu, wanakosa njia nzima. Tiketi mpya nne kwa bei ya siku hiyohiyo, vyumba vya kulala usiku ule, chakula, na maneno watakayoyaandika kwenye mtandao ambayo yatakaa kuliko wewe. Kikao kikiitwa, dereva atatoa simu yake kwa utulivu: "Niliambiwa saa nane. Nilifika saa nane. Someni." Na kweli alifika saa nane. Hapo macho yote yanageuka upande wako, na wewe huna la kuonesha isipokuwa tiki mbili za buluu.

Wageni 4 na airport nayapitia mbiombio. Wageni wanne wenye mabegi ya kuzamia hawaingii kwenye gari ya Noah bila mmoja kupakata begi, kwa hiyo hesabu mabegi pamoja na vichwa. Airport, sema Terminal 3, ndiyo ya ndege za nje.

Sasa "sawa?".

Aliyenifundisha kazi, Mungu ampe siha huko aliko na amuepushe na magari ya watu, alikuwa na elimu mbili. Moja, maliza kila meseji na "tafadhali thibitisha". Pili, usiulize mara mbili utaonekana mjinga. Meneja wako, kwa ulivyoandika, amekupa hiyo ya pili neno kwa neno. Nahisi wanazinunua duka moja. Miaka imepita na bado nikiiona "tafadhali thibitisha" shingo inaniuma. Ukimwandikia mtu athibitishe, atakuandikia "imethibitishwa". Nini kilichothibitishwa? Hajui. Wewe hujui. Lakini kimethibitishwa!

Sawa ya kwetu ina maana chungu nzima. Nimeiona. Nakuheshimu. Niko mazikoni, nitasoma baadaye. Sijafahamu ila naona haya kuuliza. Sitaki mjadala. Inshallah nayo vivyo hivyo, na mie neno la Mungu silichezei, ila inshallah isiyokuwa na saa ndani yake usiipangie gari. Dole gumba ndo kabisa, lile mtu anaweza kulibonyeza amelala.

Kanuni yangu ni moja, na ningekuwa na ukuta ningeipaka rangi: swali lisijibike kwa sawa. Likijibika kwa sawa hilo si swali, ni salamu. Jibu lazima lije na tarehe, saa, idadi au jina, na kikubwa zaidi, ulizia kitu ambacho hukukiandika kwenye meseji, ambacho mtu hawezi kukipata mpaka awe ameielewa meseji. Ukimuuliza "utafika saa ngapi?" atanakili saa uliyoiandika juu, hujapata kitu. Muulize "utatoka Mjini saa ngapi?" Hapo lazima apige hesabu ya njia mwenyewe.

Tazama inavyofanya kazi. Umemwambia awepo Nungwi saa tatu usiku. Akijibu "natoka saa moja na nusu, nikishaswali", lala usingizi. Akijibu "saa mbili na nusu", basi hajajua kama ni Nungwi, anafikiri mko hoteli ya Mjini. Akijibu "saa sita na nusu", ameshika saa ya ndege badala ya saa ya gari. Akijibu "Jumamosi nikitoka Isha", ndo lile kaburi. Majibu manne, na kila kosa limejitaja lenyewe, mapema, bado unayo siku ya kulirekebisha. Sawa ingekuficha yote manne.

Marubani walilipia somo hili kwa roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu. Walikufa watu 583. Wa KLM walitamka redioni maneno ambayo hujui kama wanasubiri kuruka au wameshaanza kuruka. Mnara ukajibu "OK", sawa yenyewe hii, halafu ukaongeza kwamba wasubiri waitwe. Hilo la kusubiri likagongana na sauti ya Pan Am waliokuwa wanazungumza wakati uleule, halikusikika vizuri. Ikabaki OK. Baada ya hapo lugha ya redio ikakazwa: neno la kuruka halitamkwi mpaka wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta, na rubani hurudia amri kwa maneno yake kamili, hatoshelezi kusema sawa. Wewe na mzee hamuongozi Boeing, najua. Wageni wenu ndo wanaokwenda kuipanda.

Utaniambia: mzee wa miaka sitini nimwambie arudie kama mtoto wa skuli? Hapana, atakuvunjia heshima na atakuwa na haki. Lawama itwike kichwa chako mwenyewe. Shikamoo kwanza, kisha: "Mzee, mie tarehe hunipotea, hebu nisomee ulivyoandika kwako nisije nikawapotosha wageni." Hapo anakusaidia wewe, hafanyiwi mtihani. Na usimpigie Ijumaa saa saba mchana, yuko msikitini, wala Ramadhani karibu na futari, utapata sawa ya mtu mwenye tende mdomoni.

Salamu na haja zipande gari moja. Usitume "Asalaam alaykum" peke yake ukakaa unangoja aitikie ndo useme shida. Anaitikia saa mbili baadaye, wewe umeshatoka zamu, aliyekupokea hajui ulikuwa unataka nini.

Meseji yako basi iwe hivi:

"Asalaam alaykum mzee, shikamoo. Wageni 4, mabegi makubwa 4 na mabegi 2 ya kuzamia. Gari iwepo mapokezi Nungwi IJUMAA tarehe 13, saa tatu kamili usiku (21:00). Ni usiku unaofuata baada ya sala ya Ijumaa. Ndege yao ni saa nane na dakika tano usiku (02:05), Terminal 3. Utatoka Mjini saa ngapi, na unakuja na gari gani?"

Hiyo ya "usiku unaofuata baada ya sala ya Ijumaa" usiikate ukidhani ni mapambo. Sala ya Ijumaa ipo moja tu kwa wiki, na ni mchana. Mkubwa na kijana wote watatua pahala pamoja. Na saa ya gari inatangulia ya ndege, kwa sababu watu husoma namba ya mwanzo wakaacha.

La meneja ni kanuni ileile. Usimuulize "nifanyeje?", hilo linamrejeshea kazi yote mezani kwake ndo maana anakunja uso. Mpelekee mambo mawili na lako unalolipendelea: mgeni wa chumba fulani anataka kukaa hadi saa nane mchana, mwengine anaingia chumba kilekile saa nane, nimhamishie mabegi stoo na kumpa sehemu ya kuogea, au nimtoze nusu siku nimuweke chumba kilicho wazi? Mie naona la kwanza, nataka jibu kabla ya saa tatu. Atajibu kwa neno moja na neno hilo litakuwa na maana.

Kuhusu WhatsApp na barua pepe, popote utakapoandika... ngoja, nimetazama saa ya uzi wako. Umeuweka saa kumi na moja jioni, leo Alhamisi tarehe 12. Wacha hayo mengine. Mzee hajalala bado, usitume hata hiyo niliyokuandikia, mpigie kwanza halafu uitume baada ya simu ibaki ya kumbukumbu. Muulize atatoka Mjini saa ngapi, kisha nyamaza. Usimsaidie kulitaja. Rudi hapa utwambie amesema saa ngapi.