Karani mpya wa mizani, gunia moja kwanza

Mwezi wa kumi ukikaribia, vyama vya msingi huku Newala, Tandahimba na Masasi huchukua vijana wapya wa kukaa kwenye mizani ya korosho. Kama na wewe umeitwa, karibu sana. Kiti hicho nimekikalia misimu tisa, na msimu wa kwanza nilikuwa karani mbovu aliyesifiwa kwa uchapakazi.

Nilikuwa na daftari tatu, simu mbili na kalamu za rangi mbili. Napima huku naongea na dereva wa Fuso, namjibu katibu, naamua ugomvi wa foleni. Uzito wa magunia manne matano nauweka kichwani, halafu nauandika wote kwa mara moja. Watu walisema kijana anajituma. Na mimi jioni nikichoka hoi niliamini nimefanya kazi kubwa.

Siku moja akaja babu mmoja na magunia matano kwenye mkokoteni. Nilimpimia yote matano nikamwandikia manne. Kusoma hajui, akaikunja stakabadhi akaiweka ndani ya kofia, akaenda zake. Siku ya tatu akarudi na mjukuu wake, na karatasi ile ile imelowa jasho.

Bahati gari lilikuwa bado halijapakia kwenda ghala kuu. Tulihesabu upya ghala zima usiku, kwa tochi za simu, tukahamisha kila gunia kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Lilizidi moja. Muda wote babu alikaa kwenye kigoda mlangoni, hakutukana, hakupaza sauti. Tulipomaliza akaniambia, "Mjukuu wangu, hizi korosho nimekaa nazo tangu maua. Wewe umekaa nazo dakika mbili, na hizo mbili zimekushinda?"

Ukiwa mgeni, elewa kwanza kwa nini karatasi ile ni nzito. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho, msimu wa 2007/2008, mkulima haondoki mizanini na fedha. Anaacha jasho la mwaka mzima ghalani, anaondoka na maandishi yako. Fedha itakuja baada ya mnada, kwa hesabu uliyoandika wewe.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kufika nahakikisha mizani inasoma sifuri na lakiri ya Wakala wa Vipimo haijaguswa. Gunia likipanda nasubiri namba itulie. Naisoma kwa sauti, mwenye mali naye aione au aisomewe na mtu wake, naandika, ndipo linashuka. Stakabadhi inatoka kabla mkulima wa pili hajasogea. Simu iko ndani ya droo na droo imefungwa. Katibu akinitaka anajua nilipo. Daftari ni moja na kalamu ni moja, ya akiba iko mfukoni. Wiki ya kwanza foleni ilininung'unikia. Wiki ya pili tulianza kufunga kabla ya magharibi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kurudi kesho kuuliza.

Usione haya kumrudisha mtu na korosho mbichi. Chota kiganja, tikisa: iliyokauka inalia. Bonyeza ganda kwa ukucha. Kikiacha alama, zikaanikwe tena. Utaambiwa una roho mbaya, hasa na shangazi zako. Lakini mnadani mzigo huuzwa kwa pamoja, na gunia moja lenye unyevu likiozea ghalani linawashushia bei watu ambao wala hawakuwepo siku hiyo.

Halafu kuna watu wa kangomba. Hawa hununua kwa bakuli kwa wenye shida, kwa bei ya kutupa, kisha wanaleta magunia na kukuomba uandike jina la mtu mwingine. Kataa siku ya kwanza, mchana, mbele za watu. Ukikubali mara moja tu utakuwa na daftari la pili ndani ya kichwa, nani kaleta kwa jina la nani, na hilo halifungwi jioni. Utalala nalo. Nimewaona makarani wazuri waliokonda kwa ajili yake.

Kuhusu kula, kula. Muhogo na chai saa nne, dakika kumi, mizani imefunikwa. Sina la kuongeza hapo.

Wazee wa Nachingwea wanajua habari ya watu waliotaka yote kwa mara moja. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, kwa matrekta na reli mpaka Mtwara, na kufikia 1951 walikuwa wameuacha. Reli nayo ikang'olewa baadaye. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na leo inapakia korosho. Huwa naikumbuka habari hii kila ninapomwona karani mpya anakuja na daftari tatu.

Siku ya mnada hutakuwa na kazi. Bei zitasomwa, wakulima watakubali au watazikataa, wewe kaa nyuma na daftari lako mapajani, ukiulizwa ujibu.

Babu yule bado analeta mzigo kwangu. Msimu uliopita alikuja na magunia saba, akasimama pembeni ya mizani na fimbo yake. Tukahesabu kwa sauti wote wawili, yeye kwa Kimakonde, mimi kwa Kiswahili, mpaka la saba likashuka. Akaipokea stakabadhi, akampa mjukuu aisome, ndipo akavua kofia.