Maswali ya Wasomaji: Mafuriko Yakiingia, Simu Itumikeje?

SWALI: Mvua zikizidi huku kwetu, simu za kupiga hazitoki kabisa, ila meseji hupenya, wakati mwingine baada ya saa nzima. Kwa nini? – Msomaji, Kilosa

JIBU: Anayepiga simu anashika nafasi yake mnarani mpaka akate. Mji mzima ukipiga kwa pamoja, nafasi zinajaa. Meseji ya kawaida huchukua nafasi ndogo mno, tena isipofika hutunzwa kwenye mitambo ya kampuni, ambayo huendelea kujaribu kuifikisha. Umeme nao una sehemu yake: gridi ikikatika, mnara hubaki na betri za saa chache, na kama barabara imekatwa na maji hakuna wa kupeleka mafuta ya jenereta. Kwa hiyo tumeni taarifa mapema, kabla mnara haujazima.

Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukitia emoji hata moja, zinashuka hadi 70, na iliyozidi hapo hukatwa vipande. Kipande kimoja kikikwama, ujumbe haufiki ukiwa kamili. Andika hivi: “Tuko 5, wote hai. Juu ya paa la shule ya msingi. Maji yamefika madirishani. Mtoto 1 ana homa. Saa 4 asubuhi. Chaji 30%.” Saa ni muhimu sana, maana meseji inaweza kusomwa jioni na watu wakadhani hali ndiyo hiyo hiyo.

Simu inayohangaika kutafuta mtandao humaliza chaji upesi. Iweke kwenye hali ya ndegeni (airplane mode), uifungue dakika 5 kila saa kamili, na ndugu waelezwe utaratibu huo. Kampuni yako ikiwa haina mtandao, bado jaribu 112: simu ya dharura inaweza kupitia mnara wa kampuni nyingine iliyo hewani.

SWALI: Nyumba zetu hazina namba. Intaneti ikikatika, nitamwelekezaje mwokoaji? – Msomaji, Katesh

JIBU: GPS ya simu, inayotambua ulipo kwa satelaiti, haihitaji intaneti, inahitaji kuona anga tu. Toka nje au panda juu, washa huduma ya mahali (location), subiri dakika chache. Kwenye programu ya ramani, bonyeza kwa muda pale ulipo. Zitatokea namba mbili. Zitume kwa meseji zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta, hapo kosa ni kama mita 11. Ukibakiza tarakimu mbili tu, unampa mwokoaji eneo la kilomita nzima. Na usisahau alama ya kutoa! Katesh iko karibu na -4.52, 35.38, bila alama hiyo umemtuma mtu pande za kaskazini-magharibi ya Ziwa Turkana.

SWALI: Niko Muscat, kwetu Rufiji. Mafuriko ya 2024 kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lilijaa dua, picha na uvumi, hata hatukujua nani kapatikana. Tufanyeje siku nyingine? – Msomaji, Oman

JIBU: Mlioko mbali mna umeme, bando na utulivu, kazi ya kumbukumbu ni yenu. Fungueni kundi la pili ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Mtu mmoja ashike jedwali: jina, alipoonekana mara ya mwisho, saa, nani kamwona, hali yake. Saa ziandikwe za Tanzania, kwa hesabu ya Kiswahili, kwa sababu “10” ya Muscat na “saa 10” ya Rufiji zitawachanganya. Kule wateueni wasemaji wawili tu, wengine wasiwapigie walioko majini.

Tiki moja kwenye WhatsApp maana yake ujumbe haujafika kwenye simu ya mpokeaji, basi. Msitangaze msiba kwa tiki. Picha yenye alama ya kusambazwa mara nyingi msiiamini mpaka mtu aliyepo pale aithibitishe.

Kazi hii imewahi kuokoa. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 12, 2010, watu walituma meseji kwa namba 4636. Wahaiti walioko ughaibuni wakazitafsiri kutoka Kikrioli, lugha ya Haiti, na zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008.

Kuhusu fedha: msitume kwa namba iliyoibuka kundini. Mpelekeeni ndugu mnayemjua aliye mji wa jirani, maana penye mafuriko wakala anaweza kukosa fedha taslimu au mtandao, na salio likabaki kwenye simu bila kununua hata unga.